Usomaji wa Tatu: shajara ya mwaka mmoja wa Torati kwa Kiswahili

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Jana Torati imeanza upya. Katika masinagogi yote duniani imesomwa Bereshiti, yaani Mwanzo 1:1 hadi 6:8, nami nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa miaka minne. Kila juma lina fungu lake la Torati, linaitwa parasha. Kwa kila parasha nataka kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mtu wa hapa Eldoret anaweza kuusoma Ijumaa jioni akapata kitu cha kumfaa Jumatatu. Mafungu ni 54. Majuma mengine hubeba mawili kwa mpigo, ndiyo maana mwaka unatosha.

Kanuni ninayoifuata imo kwenye Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, Berakhoti 8a: mtu amalize fungu la juma pamoja na kusanyiko lake, andiko lenyewe mara mbili, tafsiri mara moja. Tafsiri ya zama zile ilikuwa ya Kiaramu, kwa sababu Kiaramu ndicho watu walichoongea sokoni na jikoni. Huo usomaji wa tatu ndio ninaoutafuta kwa lugha yetu. Biblia ya Kiswahili tunayo, na naiheshimu. Kinachokosekana ni yale mazungumzo ya miaka elfu mbili yaliyozunguka andiko: mfafanuzi Rashi anasema nini hapa, Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inauliza nini pale, na kwa nini neno hili limesimama mahali hapa.

Tuko watano. Shangazi yangu, ambaye sebule ni yake, muuguzi mmoja, kijana wa bodaboda, mama jirani anayeuza mboga, na mimi, mhariri wa vitabu vya shule. Hukutana Jumamosi alasiri. Kiebrania ninafundishwa kwa simu kila Jumatano na mzee mmoja Myahudi wa Nairobi, ambaye humu nitamwita Mwalimu. Sisi watano tumelelewa makanisani na hatujifanyi Wayahudi. Tumekaribishwa kwenye meza ya watu wengine, na adabu ya mezani ni kuuliza kabla ya kuchota.

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa siku tatu. Ulikuwa na mafunzo saba: mazingira, ndoa, kazi, mapumziko na mengineyo. Mwalimu alinisikiliza nikiusoma wote, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Binti yangu, umehubiri. Sasa rudi ukasome." Iliniuma. Nimeuweka kando bila kuufuta.

Jumapili, 10 Novemba

Majuma mawili, maneno mawili.

La kwanza ni la Noa. Sisi tunasema safina, na safina ni chombo cha kusafiria, kina nahodha na tanga. Kiebrania kinasema teva, na teva ni sanduku. Halina usukani wala makasia. Neno hilo limetumika katika Torati mahali pawili tu: kwa Noa, na kwa kile kikapu ambacho mama yake Musa alimweka mwanawe mtoni. Nikafungua Biblia ya Muungano ya 1952, Kutoka 2:3, nikakuta "kisafina". Waliotafsiri waliuona uzi huo wakaushika kwa kiambishi kimoja tu, ki-. Nilikaa nikiitazama ile ki- kwa muda mrefu. Mtoto yule na dunia nzima ya Noa waliokoka kwa njia moja, ndani ya sanduku ambalo aliyemo hawezi kuliongoza. Muuguzi wetu alisema anawajua watu wa namna hiyo, wako wodini kwake wamelala wakisubiri.

La pili ni la Abrahamu. Lekh-lekha. Ni "nenda", ikifuatiwa na kipande kinachomrudia mwendaji mwenyewe. Rashi, aliyefundisha huko Troyes, Ufaransa, katika karne ya 11, anaeleza: kwa faida yako, kwa heri yako. Biblia yetu ina "Toka wewe". Nikafurahi nikidhani Kiswahili kina neno lake tayari: "Nenda zako!" Sarufi inalingana kabisa. Lakini nenda zako kwetu ni neno la kumfukuza mtu. Nikajaribu "jiendee". Shangazi akakataa: "Jiendee anaambiwa mtu mliyechoka naye." Ndipo akakumbuka mwaka aliopelekwa shule ya bweni, mama yake akamfikisha kituoni, akamkabidhi sanduku na kumwambia, "Haya, shika njia yako." Hakuwa akimfukuza. Alikuwa analia.

Tumeandika: Shika njia yako, utoke katika nchi yako. Ukurasa wa juma hili una hilo tu na kisa cha shangazi, na Mwalimu hakubadilisha kitu.

Fungu la Noa lina pia mnara wa Babeli, na nisingependa kuliacha hili lipite. Midrashi (masimulizi ya marabi juu ya andiko) iitwayo Pirkei de-Rabi Eliezeri inasimulia kwamba mtu akianguka kutoka mnarani hawakumjali, lakini tofali likianguka walikaa wakalia, wakisema, lini litapanda jingine mahali pake? Kijana wetu wa bodaboda alifanya kazi ya mjengo kabla ya kupata pikipiki. Alisikiliza, akasema mwenzake aliwahi kuanguka kutoka ghorofa ya tatu, na kazi ilirudi kabla gari lililombeba halijafika barabarani. Hatukuongeza neno. Kisa chake kimo ukurasani, bila majina.

Jumapili, 8 Desemba

Nimebaki nyuma kurasa mbili. Vitabu vya shule vinatakiwa kabla ya muhula. Yakobo amelala na jiwe kichwani, nami nimelala juu ya meza ya kazi. Nitarudi.

Alhamisi, 16 Januari 2025

Mama jirani ameacha kuja Jumamosi kwa sababu siku hiyo biashara yake imechangamka. Alikuwa karibu kujitoa kabisa. Jana nikamweleza Mwalimu kwa masikitiko, naye akaniuliza kama najua kwa nini Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi.

Sikujua. Kumbe ni desturi inayohesabiwa kuwa ya Ezra. Talmudi, Bava Kama 82a, inatoa sababu ya kwanza: Israeli walitembea siku tatu jangwani bila maji, na Torati ni kama maji, basi zisipite siku tatu pasipo kusomwa. Zaidi ya hayo, Jumatatu na Alhamisi watu wa vijijini waliingia mjini, na mahakama zilikaa. Zilikuwa siku za soko! Walioweka utaratibu huu hawakuwangoja watu wamalize biashara ndipo waje. Walilipeleka gombo pale watu walipo. Siku hizo huitwa watu watatu tu kusoma, hali Shabati huitwa saba, na husomwa kipande kifupi cha mwanzo wa fungu linalokuja, ili mtu mwenye mzigo mgongoni asicheleweshwe.

Basi leo, Alhamisi, nimemtumia mama jirani aya moja kwa simu: wakunga wawili wa Misri, Shifra na Pua, waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto. Amenipigia saa nane mchana. Amewasomea akina mama watatu wa meza za jirani, na mmoja ameuliza mbona Torati inawataja wakunga kwa majina na Farao haimtaji jina. Nimesoma kitabu cha Kutoka mara nyingi, wala sikuwahi kuliona hilo.

Kuanzia sasa kuna ukurasa wa Ijumaa na aya ya Alhamisi.

Jumapili, 23 Februari

Mishpatimu. Fungu la 18. Ukurasa huu umechukua majuma mawili na bado haujatulia.

Baada ya radi na moto wa Sinai zinafuata sheria za ng'ombe anayepiga pembe, shimo lililoachwa wazi, nguo iliyowekwa rehani. Katikati yake mara mbili panasemwa: usimwonee ger, kwa maana mlikuwa gerimu, wingi wa ger, katika nchi ya Misri, na mara ya pili, ninyi mnaijua nafsi ya ger. Talmudi, Bava Metzia 59b, inahesabu kwamba Torati imeonya juu ya jambo hili mara 36, na wengine husema mara 46. Hakuna onyo jingine lililorudiwa hivyo.

Biblia yetu inasema mgeni. Hapo ndipo nilipokwama.

Mgeni kwa Kiswahili ni baraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huchinjiwa kuku, hutandikiwa shuka safi. Tukisoma "usimwonee mgeni" mioyo yetu inatulia, kwa sababu nani atamwonea mgeni? Lakini ger hakuja kwa siku mbili. Ger ametoka kwao, amekaa, anafanya kazi, anazaa watoto, na bado anahesabiwa kuwa wa kuja. Methali yetu yenyewe inamjua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ger ni yule aliyekwisha kupewa jembe, amelima nalo msimu baada ya msimu, na siku moja anakumbushwa kwamba jembe halikuwa lake.

Nilisoma hayo mbele ya kikundi. Nilijua ninasoma wapi. Hii ni Uasin Gishu. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa hapa Eldoret ulijaa maelfu ya watu waliofukuzwa makwao, na neno walilofukuzwa nalo lilikuwa hilohilo: wageni. Mama jirani aliishi pale chini ya turubai na watoto wawili. Amezaliwa hapa, na baba yake amezaliwa hapa. Hakuwa amelisema hilo kwenye kikundi mpaka jana.

Alisema taratibu huku akikunja ncha ya leso yake, akiikunjua, akiikunja tena. "Mgeni hapandi mparachichi. Mparachichi unangoja miaka. Mimi nilikuwa nimepanda mitatu."

Kijana wa bodaboda, ambaye kabila lake ni la upande wa pili wa mwaka ule na wakati huo alikuwa mtoto wa darasa la pili, aliinama. Shangazi akainuka kwenda kuweka chai motoni. Hatukufunga kwa sala wala kwa wimbo. Tulikunywa chai, na kijana akambeba mama hadi nyumbani kwake, akakataa nauli.

Mwalimu ameniambia kuna kauli ya Rabi Yehuda: anayetafsiri mstari kwa umbo lake ni mwongo, na anayeongeza ni mkufuru. Nimemwuliza, sasa mfasiri asimame wapi? Akajibu kwamba hapo katikati ndipo pana kazi. Kwa sasa nimeandika: mgeni aliyekwisha kupewa jembe. Ni maneno matatu zaidi ya andiko, na kila nikiyasoma yananisumbua. Nikiandika "mgeni" peke yake nasumbuka zaidi.

Jumapili, 30 Machi

Majuma matano ya mbao, vikuku, pazia na misingi ya fedha. Hema la kukutania laelezwa mara mbili, kwanza kwa maagizo, halafu kwa utekelezaji, karibu neno kwa neno. Kurasa zangu za mafungu haya ni fupi na sioni haya. Nimebakiza kitu kimoja, Kutoka 38:8: birika la makuhani lilitengenezwa kwa vioo vya shaba vya wanawake. Rashi anasimulia kwamba Musa hakuvitaka, aliviona vya kujipambia tu, mpaka alipoambiwa kuwa hivi vinapendwa kuliko vyote, maana kwa vioo hivyo wanawake wa Israeli huko Misri waliwarudishia waume zao waliochoshwa na utumwa hamu ya kuishi. Shangazi ameomba ukurasa huo uchapwe kwa herufi kubwa.

Jumla hadi sasa: mafungu 23, kurasa 21. Mbili za Desemba bado nadaiwa.

Jumapili, 4 Mei

Tazria na Metzora kwa pamoja. Nilikuwa nimepanga kuyapita haraka. Muuguzi amenizuia.

Biblia yetu inasema ukoma. Muuguzi aliwahi kufanya kazi kliniki ambako waliletwa wagonjwa wa ukoma, na anasema dawa ilikuwapo, matibabu yalikuwa bure, wagonjwa wakachelewa kuja kwa aibu, vidole vikaharibika. Sehemu ya aibu hiyo, alisema akiwa amekasirika waziwazi, wamejifunza kanisani, kwenye sura hizi hizi.

Tukaisoma upya, mstari kwa mstari, kama tunasoma kadi ya mgonjwa. Tzaraati ni baka jeupe, nywele zilizogeuka rangi.  Baka la ukoma hufa ganzi, na ganzi haikutajwa kabisa. Tzaraati hushika pia nguo. Hushika na kuta za nyumba. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa 1873 na Hansen, daktari wa Norwe, haishi kwenye ukuta. Neno lilipotea njiani: wafasiri wa Kigiriki waliweka lepra, ambalo kwao lilikuwa jina la magamba ya ngozi, na karne nyingi baadaye jina hilo likahamishiwa kwenye ugonjwa mwingine. Watu walitengwa na jamaa zao kwa kosa la kamusi.

Tumekubaliana wote watano kwamba kwenye kurasa zetu neno ukoma halitumiki. Tunaandika tzaraati, na mara ya kwanza tunaeleza: baka la onyo.

Onyo la nini? Marabi walisikia ndani ya neno metzora maneno motzi shem ra, mtu anayemtolea mwenzake jina baya. Kwa hiyo waliliweka fungu hili upande wa ulimi: anayewatenganisha watu kwa maneno hukaa nje ya kambi mpaka aonje kutenganishwa. Nilidhani hapo ndipo ukurasa utaishia, kwenye sauti zinazosambazwa kwa simu usiku kucha. Lakini Mishna ya Negaimu 12:5 ina jambo dogo lililonishinda nguvu. Mwenye nyumba akiona baka ukutani haendi kwa kuhani kusema "nina pigo nyumbani." Hata akiwa msomi anayejua kwa hakika, anasema, "Nimeona kitu kama pigo nyumbani." Na kuhani, kabla hajaingia, anaamuru vyombo vyote vitolewe nje, kwa sababu akishatamka kuwa nyumba ni najisi, kila kilichomo kitakuwa najisi. Chombo cha shaba au cha mbao kinaweza kuoshwa. Torati inaokoa nini basi? Rabi Meiri anajibu: chungu chake cha udongo, na jagi lake dogo.

Muuguzi aliandika jibu hilo nyuma ya kitambulisho chake cha kazini. Alisema hivyo ndivyo angependa kila mtu aingie kwenye nyumba ya mgonjwa: achelewe kutamka, na kabla ya kutamka aulize ni kipi cha huyu maskini kinachoweza kuokolewa.

Jumapili, 25 Mei

Behari na Behukotai. Mwaka wa saba ardhi ipumzike. Mwaka wa 50, yaani yobeli, ipigwe mbiu ya uhuru, kila mtu arudi kwenye urithi wake. Na Walawi 25:23: ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ardhi ni yangu, ninyi ni gerimu na wakaaji pamoja nami.

Neno lile limerudi. Nikadhani nimepata dawa ya ukurasa wa Februari: sote ni wageni, basi hakuna wa kumfukuza mwenzake. Nikaisoma kwa furaha.

Mama jirani akasema, "Kumwambia aliyefukuzwa kwamba ardhi haikuwa yake ni rahisi kwa asiyefukuzwa."

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Jumatano akaniambia nitazame mstari unaambiwa nani. Unaambiwa mwenye shamba. Hauambiwi aliyeuza kwa njaa wala aliyenyang'anywa. Kwa huyo wa pili sura nzima inapigania kurudi kwake: ndugu amkomboe, bei ipunguzwe kwa miaka iliyobaki, na ikishindikana yote, yobeli imrudishe. Neno wageni limewekwa kinywani mwa Mungu kwa ajili ya kumnyenyekesha mwenye hati. Likichukuliwa na mwenye hati akamwambia asiye nayo, limeibwa.

Hilo limo ukurasani, na nimemsomea mama kwanza kabla ya wengine.

Juu ya nyanda hizi nina la kuongeza. Agosti 1903, mjini Basel, Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, aliwaeleza wajumbe wa mkutano wake kwamba serikali ya Uingereza iko tayari kuwapa Wayahudi wanaouawa Urusi makazi katika Afrika Mashariki. Iliitwa mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni hii, Uasin Gishu. Wajumbe 295 dhidi ya 178 walikubali watu wapelekwe kuikagua; watatu wakaja, na 1905 mkutano ukaikataa. Waliokuwa wakiishi na kuchunga hapa hakuna aliyewauliza, si wakati huo, wala 1908 walipokuja Makaburu. Nyanda zimebeba jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, na upande huu wa Nandi Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani. Ukichimba neno mgeni katika kaunti hii, hufiki kwenye mwamba.

Jumapili usiku, 20 Julai

Nimerudi kutoka Mbale, Uganda. Nilitoka Alhamisi kupitia Bungoma na Malaba, ili niwe nimefika kabla ya jua la Ijumaa kuzama. Jana sikuandika chochote, kwa kuwa ni Shabati na nilikuwa kwa Waabayudaya, Wayahudi wa Uganda, kwa hiyo haya yote yametoka kichwani.

Waabayudaya walianza 1919, jemadari Semei Kakungulu alipoisoma Biblia kwa Kiganda, akafika kwenye agizo la tohara, akaamua kwamba kama limeandikwa basi linafuatwa. Jumuiya nzima imezaliwa na tafsiri. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku. Waliobaki walijificha wakaendelea. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa sauti za huku kwetu, na watoto wanazijua zote mbili.

Fungu lilikuwa Pinhasi, la 41. Gombo likalazwa mezani, ngozi imeandikwa kwa mkono, konsonanti tupu bila irabu wala nukta. Msomaji anaimba akifuata kwa yad, kijiti cha fedha chenye ncha ya kidole, na pembeni yake wamesimama watu wawili. Akikosea neno wanamrekebisha papo hapo kwa sauti, naye anarudia, na hakuna anayeaibika. Nimeishi na wasahihishaji maisha yangu yote ya kazi; sijawahi kuona usahihishaji wa upole namna ile.

Baada ya ibada mzee mmoja alinisogeza karibu na kunionyesha kwa yad mahali pawili. Hesabu 25:12, pale Pinhasi, aliyewaua watu wawili kwa mkuki, anapewa agano la amani. Katika neno shalom herufi vav ni mstari mmoja wa wima, na kwenye gombo mstari huo umekatwa katikati. Kila mwandishi wa gombo huukata hivyo kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi. Niliinama mpaka nikaona rangi ya ngozi kwenye ule mwanya. Wafasiri wengi wanausoma hivi: amani iliyopatikana kwa mkuki haijawa nzima. Nilifikiri juu ya mwaka wetu wa 2008 na mapatano yaliyofuata. Mzee hakuniuliza nafikiri nini.

Mahali pa pili ni Hesabu 27:5. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa Selofehadi, wameomba urithi wa baba yao asiye na mwana wa kiume, na Musa anaipeleka "hukumu yao" kwa Mungu. Herufi ya mwisho ya neno hilo, nun, ndiyo inayolifanya kuwa hukumu yao wao wanawake, nayo imeandikwa kubwa kuliko wenzake. Mungu anasema wako sawa, na Rashi anaandika kwamba jicho lao liliona ambalo jicho la Musa halikuona. Kweli, sura ya 36 inawawekea masharti ya kuolewa ndani ya kabila, na nitaliandika hilo pia. Shangazi alipigania miaka sita kipande cha shamba la baba yake, hata baada ya Katiba ya 2010 kusema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa. Nimemchorea ile nun kubwa kwenye karatasi. Ameibandika juu ya jiko.

Jumapili, 7 Septemba

Ki Tetze, la 49, fungu lenye amri nyingi kuliko yote. Ukurasa wangu una mbili.

Kumbukumbu la Torati 24:10: ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye ndiye akuletee. Juni hii kijana wetu alikopa kwa simu shilingi elfu tatu za tairi. Alichelewa siku nne. Wakopeshaji, ambao walikuwa wamechukua orodha ya namba zake zote bila yeye kuelewa alichobonyeza, wakampigia mama mkwe wake, wakawapigia wateja wake, wakampigia mwalimu wa mtoto wake. Aliposikia mstari huu akaniomba niurudie. "Asimame nje," akasema. "Kumbe imeandikwa."

Deni analijua na amelilipa. Alichokuwa hakijui ni kwamba kuna mlango, na kwamba mkopeshaji ana haki mpaka kizingitini tu.

Amri ya pili ni 24:6: usichukue rehani jiwe la kusagia, kwa maana hapo unachukua uhai wa mtu. Mishna, Bava Metzia 9:13, inaongeza kila chombo kinachotengeneza chakula. Hakuhitaji maelezo. Alitazama nje dirishani, pikipiki ilipoegeshwa.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Jana ilikuwa Simhati Tora, sikukuu ya kumaliza Torati na kuianza upya. Husomwa mwisho, Musa anakufa juu ya mlima akiiona nchi asiyoiingia, na papo hapo, bila kupumzika, gombo jingine linafunguliwa: Bereshiti.

Kurasa 54, zile mbili za Desemba zikiwemo; niliziandika Agosti. Aya za Alhamisi 38. Kwenye sherehe yetu ndogo, mama jirani alisoma mistari ya mwisho ya Kumbukumbu. Alileta maparachichi kwenye kikapu, ya mti mmoja kati ya ile mitatu, uliochipua tena kutoka kisikini. Ukurasa wa Mishpatimu ameuomba anakili kwa mkono wake. Nilimwuliza kama yale maneno matatu yabaki. Akasema yabaki, ila nisimweleze mtu kwamba ni yangu, nimwambie ni ya sokoni.

Ule ukurasa wa kwanza wenye mafunzo saba nimeutoa, nikaandika mwingine. Una mstari mmoja, Mwanzo 2:18, ezer kenegdo. Biblia yetu inasema msaidizi wa kufanana naye. Neged ni mbele, kwa kukabiliana, uso kwa uso. Rashi anasema mume akistahili, mke huwa msaidizi; asipostahili, mke huwa wa kumkabili. Nimeandika: msaidizi anayesimama mbele yake. Nimewaza wale wawili wa Mbale waliosimama kando ya msomaji.

Nilimtumia Mwalimu jana usiku, sikukuu ilipokwisha. Asubuhi hii amenirudishia ukurasa mzima bila alama yoyote, isipokuwa duara moja la penseli kwenye neno "msaidizi" na alama ya kuuliza. Kesho ni Ijumaa. Shangazi anakuja saa kumi, tutakaa nalo.